Zena na Asante Kubwa ya Kifaransa

Ukifika Bombambili, pale Songea, ukamuulizia Zena wa supu na chapati, watakuuliza na wewe: "Yupi, yule wa Cheza?" Usishangae. Zena hachezi. Hata siku ya harusi yake alikaa kwenye mkeka ametulia kama mgonjwa. Kilichomponza ni kibao.

Alikuwa ameandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, CHEZ ZENA, akampa Hironimus, mchora vibao anayekunywa supu hapo kila asubuhi. Kwa Kifaransa hiyo ni "Kwa Zena". Yenyewe husomwa "she", kwa sababu Wafaransa huandika herufi nyingi wakasoma mbili tatu, zilizobaki wanawawekea wageni. Hironimus aliitazama ile karatasi akamhurumia mama wa watu kwa kusahau herufi. Akamwongezea. Kibao kikaja kinang'aa, chekundu na bluu: CHEZA ZENA. Pembeni akachora na mwanamke kashika kiuno.

"Hironimus, umeniua," Zena alisema.

"Nimekuua nini, dada yangu? Ulikosea, nimekurekebishia. Badala ya kushukuru!"

"Sijakosea. Hicho ni Kifaransa."

"Kifaransa!" Hironimus aligeukia wateja wengine waliokuwa kwenye benchi. "Jamani, mimi nimechora vibao mji huu mzima, mpaka maneno ya Kilatini kanisani nimeyachora. Lugha gani inaandika 'chez' halafu inaishia hapo? Si mdomo utabaki wazi?"

Walicheka mpaka supu ikaganda mafuta. Kesho yake wateja waliongezeka, wengine wakija tu kuuliza ngoma inaanza saa ngapi. Zena akakiacha kibao kilivyo. Ila moyoni ilimuuma kidogo, kwa sababu Kifaransa kwake hakikuwa mzaha hata siku moja.

Kilimwingia akiwa na miaka kumi na moja, kijijini kwao Tunduru, wakati ule mawe ya thamani yalipopatikana na watu wakaacha mikorosho yao ikiota nyasi mpaka kiunoni. Walikuja wanunuzi wa kila namna. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kimali aliyeitwa Seku, mrefu, na kanzu pana ambayo watoto watatu wangeweza kujificha ndani yake. Alipanga chumba nyumbani kwao, na Bi Saada, mama yake Zena, ndiye aliyempikia.

Asubuhi ya kwanza Zena alimpelekea maji ya kunawa. Akapiga goti. "Shikamoo."

Mzee akainua uso. "Sava?"

Zena alisikia "Sawa?" Akajiuliza, mtu mzima gani huyu anayeitikia shikamoo kwa kuuliza sawa? Lakini mtoto hamkosoi mkubwa. Akajibu, "Sawa."

Seku karibu amwage maji. "Sava! Sava bie!" Akacheka, akampigia makofi. Alidhani amepata mtoto anayejua Kifaransa katikati ya mikorosho. Zena naye alidhani mzee anajua Kiswahili ila meno yanamsumbua. Wiki nzima waliamkiana hivyo, kila mmoja akiamini mwenzake anaisema lugha yake, basi tu anaiharibu.

Walipokuja kugundua kwamba sava ni hujambo ya Kifaransa, hakuna aliyemcheka mwenzake peke yake. Walicheka wote. Kuanzia hapo Seku akawa anamwaga maneno na Zena anaokota, kama wenzake walivyookota korosho zilizodondoka na kuzificha kwenye pindo la gauni. Chumvi ni sel. Jua ni solei. Maji ni lo, neno fupi kama tone lenyewe. Akilala anayarudia chini ya shuka mpaka Bi Saada anauliza kutoka chumba cha pili, "Zena, unaongea na nani?"

Sasa kulikuwa na jambo moja. Siku za kawaida Seku akimaliza kula husema mersi. Lakini siku ambayo Bi Saada amepika kuku wa karanga, mzee hulamba vidole vyote, akasema "Akadi!", kisha anaweka mkono kifuani, anainamisha kichwa na kusema, "Ini che." Zena alilitazama hilo mara nyingi, akalipatia maana yake mwenyewe. Sisi tuna mambo na tuna shikamoo, si kila salamu ni ya kila mtu. Basi Wafaransa nao lazima wana asante ndogo na asante kubwa. Mersi ni ya rika. Ini che ni ya heshima. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

Mawe yalipopungua, Seku alipanda lori na kanzu yake, akapunga mkono: "O revwar, Zena!" Mtoto akabaki na maneno kama mia mbili, na hakuna wa kuyaitika. Neno lisilo na mwitikaji ni kama kuuamkia ukuta.

Angeweza kuyasahau. Wenzake wote waliyasahau. Yeye, alipoolewa na Muhsini fundi pikipiki na kuhamia Songea, aliyabeba pamoja na sufuria. Alimfanya Muhsini afunge waya juu ya bati ili redio ishike stesheni za mbali, na pale usiposikia ila mkwaruzo, Zena husikia Kifaransa ndani ya mkwaruzo. Siku moja mtaani Majengo, kwenye lundo la vitabu vya mitumba, alikuta kitabu cha Kifaransa cha shule, hakina jalada, kinaanzia ukurasa wa tisa. Alilipa ameinamisha kichwa, akidhani muuzaji ataona uso wake na kumnyima. Kitabu hicho sasa kina manjano ya bizari kila ukurasa, na sehemu ya mwanzo, ukurasa wa kwanza hadi wa nane, amekuwa akijitungia mwenyewe kichwani.

Timu ya Ufaransa ikicheza kombe la dunia, hufunga kibanda mapema, hukaa mbele kabisa kwenye banda la video, peke yake mwanamke kati ya vijana sabini, na wimbo wa taifa lao anauimba amesimama. Hajui maana ya mistari yote. Anaimba yote.

Na madereva wa bodaboda wa Bombambili, kwa ajili yake, wamekuwa watu wa ajabu. "Bonzhur, mama! Chapati mbili!" "Supu akadi leo?" Akimwongezea mmoja mchuzi, anaweka mkono kifuani: "Ini che, mama." Heshima kamili.

Mambo yaliharibika mwaka huu, kwa kitu kidogo. Binti yake Shakila, aliye kidato cha tatu, alikaa jikoni na simu ya baba yake akitafuta maneno ya mama kwenye mtandao. Bonzhur ikaonekana. Mersi ikaonekana. Zena alikuwa anakanda unga na anacheka kama anayesikia majina ya ndugu zake yakitajwa redioni.

"Mama, ini che haipo."

"Umeandika vibaya."

Wakajaribu kwa ch, kwa tch, kwa sh, kwa k. Haipo.

"Na akadi haipo," Shakila akasema polepole. "Mama, isije ikawa yule babu alikuwa anakudanganya. Watu wazima huwadanganya watoto kwa kucheka."

Zena aliendelea kukanda ule unga mpaka ukawa mgumu.

Wiki hiyohiyo ndipo Mwalimu George wa sekondari moja ya pale mjini alipokuja. Alikunywa supu, akafuta mdomo, akasema shuleni kwake wanafunzi wameanzisha klabu ya Kifaransa na hawana wa kuwafundisha. "Mama Shakila, nimesikia habari zako. Huhitaji cheti, ni klabu tu. Jumatatu njoo."

Miaka thelathini alikuwa anangoja mtu aseme maneno hayo. Akajibu, "Nitakupigia, mwalimu."

Hakupiga. Jumatatu tatu zikapita. Akiona shati la mwalimu linakuja barabarani, anainama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakijapotea. Kuchekwa kwa kibao hakukumsumbua sana, hicho alikosea Hironimus. Lakini je, mtoto mmoja akifungua kamusi darasani, akakuta neno la mwalimu wake halipo? Na kama neno moja ni la uongo, mangapi mengine? Labda yale mia mbili yote mzee alikuwa anajipigia kelele tu. Labda kile alichokipenda maisha yake yote hakikuwa Kifaransa hata kidogo.

Basi, Alhamisi moja saa saba mchana, Zena akiwa na unga mpaka viwikoni, Rosemary alitokea anakimbia. Rosemary ni mhudumu wa gesti iliyo nyuma ya mtaa huo. Kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Dada Zena! Nifiche!"

"Kuna nini tena?"

"Mgeni wangu! Mama mmoja mtaalamu wa korosho, kashuka na ndege ya asubuhi, mchana huu anakwenda Tunduru. Kiswahili hajui, na Kiingereza chake na changu vimekataana. Nimempelekea chakula, kaonja, kanitazama, kaniambia 'seli'. Nikadhani sijasikia. Akanyooshea sahani kidole: 'Seli! Seli!' Dada, ananiweka ndani!"

"Umemfanyia nini?"

"Maji ya kuoga yalikuwa ya baridi. Lakini kwa hilo tu, mtu aende seli?"

Hironimus alikuwa kwenye benchi na bakuli lake. "Wewe Rosemary, na yale mashuka yako, mimi ningekufunga maisha."

Lakini Zena alikuwa ameacha kusukuma chapati. "Anatoka wapi?"

"Dereva kasema Aivori Kosti."

"Rosemary. Chakula kilikuwa na chumvi?"

"Nitajuaje, kapika mpishi..."

"Sel!" Zena alipiga kelele mpaka jogoo wa jirani akaruka. "Sel ni chumvi! Hakufungi, anaomba chumvi!"

Hironimus akashusha bakuli. "Haya, Mfaransa wetu. Leo ndiyo leo. Leo tutajua."

Alisema kwa utani. Kwa Zena haukuwa utani. Alichukua pakiti ya chumvi, akaifunga kwenye pembe ya kanga, akaondoka nusu anatembea nusu anakimbia. Mbele ya mlango wa gesti akarudi nyuma hatua moja.

"Rosemary, ipeleke wewe."

"Mimi? Nikishaonekana tu napelekwa! Ingia, dada, ingia!" Akamsukuma mgongoni kwa mikono miwili.

Mgeni alikuwa amekaa mbele ya wali na maharage yaliyopoa, mama wa miaka hamsini hivi, kilemba cha kijani, amechoka kama mtu aliyeongea kwa ishara tangu asubuhi. Zena akafungua kanga.

"Bonzhur, madam. La sel."

Mgeni alitazama chumvi, akamtazama mwenye chumvi. "Vu parle franse?" Unasema Kifaransa?

Miaka thelathini. Zena alisikia kila silabi, imenyooka, hakuna mkwaruzo wa redio. "Wi," akasema, ndiyo. Halafu akaogopa kwamba amelisema kidogo mno, akasema tena, "Wi, wi, wi, madam!"

Weee! Yule mama alifunguka kama bomba lililokatwa. Maneno yalimwagika, Zena akishika moja na matatu yakimpita, akainua mikono yake ya unga: "Dusma, madam, dusma!" Polepole. Mgeni akacheka, akavuta kiti, akamkalisha. Akarudia polepole. Jina lake Madam Kone. Zena akasema lake. Watoto? Mmoja, binti. Na wewe? Wanne. Madam Kone akataja neno ambalo Zena hakulijua, akachora kwenye kitambaa cha karatasi kitu kilichopinda kama figo, na Zena akapiga meza: "Korosho!" Akamweleza, kwa Kifaransa cha ukurasa wa tisa na kuendelea, kwamba yeye amezaliwa chini ya mikorosho. Rosemary amesimama mlangoni, mdomo wazi, anatazama huku na huku kama yuko uwanjani.

Madam Kone akatia chumvi, akaonja, akafumba macho. "Mersi, Zena."

Hapo ndipo Zena alipotaka kumlipa heshima. Hakufikiri. Mkono ulikwenda kifuani wenyewe, kichwa kikainama: "Ini che, madam."

Kijiko cha Madam Kone kikasimama njiani.

"Umesema nini?" aliuliza kwa Kifaransa. "Rudia."

Zena alijua limeharibika. Akarudia kwa sauti ndogo ya mtoto aliyevunja sahani. "Ini che."

"Se pa di franse, sa," Madam Kone akasema.

Kati ya yote aliyoyasikia siku hiyo, hilo ndilo Zena alilolielewa moja kwa moja bila kutafuta. Hicho si Kifaransa. Shakila alisema kweli. Alitazama chini, kwenye unga wa vidole vyake, akaanza kuinuka. Lakini mgeni alikuwa amemshika mkono, na anambana, na macho yake yalikuwa yamejaa maji huku mdomo unacheka.

"Nse!" alisema. "Mwanamke akiamkiwa au akishukuriwa huitikia hivyo. Nse! Zena, hicho ni Kijula. Ni lugha ya mama yangu. Nani kakufundisha lugha ya mama yangu huku?"

Ikambidi Zena amweleze yote. Seku, kanzu, kuku wa karanga. Madam Kone akawa anapiga mapaja. Mmali! Kwao Mali wanakiita Kibambara, ni mtu na ndugu yake, wanaelewana. Yule mzee hakumdanganya mtu. Akiwa na adabu ya kawaida alishukuru kwa lugha ya serikali, na moyo ukimjaa alishukuru kwa lugha ya mama yake.

"Sema mengine," Madam Kone akaamuru. "Sema yote uliyonayo!"

Basi wakakaa kuyachambua kama maharage kwenye ungo. Zena anarusha neno, mgeni anahukumu. Solei? Kifaransa. Lo? Kifaransa. Akadi? "Kijula! Tamu, inapendeza!" Ini sogoma? "Kijula! Habari za asubuhi!" Rosemary akasogea, akawa anaweka punje za maharage kwenye ukingo wa sahani, upande huu Kifaransa, upande huu Kijula. Upande wa Kifaransa ukafurika. Kijula yakawa kumi na moja. Likabaki moja ambalo hata Madam Kone hakulijua. Zena akalirudia kwa nguvu, na aliposikia sauti yake akaziba mdomo: lilikuwa Kiyao cha kwao nyumbani. Seku alilitoa kwa Bi Saada, akalipinda, akamrudishia mtoto kama zawadi ya ng'ambo.

"Na wewe," Madam Kone akasema akimtishia kwa kidole, "tangu umeingia unaniita 'tu', kama mimi mtoto wa jirani!" Akamfundisha: tu ni wewe, na mtu wa heshima humwambii wewe, unamwambia nyinyi. Vu.

"Hata kama yuko peke yake?"

"Hata kama yuko peke yake."

Zena aliliona neno hilo kitabuni mara mia, akadhani ni la watu wengi tu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe shikamoo ya Kifaransa ipo! Aliitafuta kwenye asante, nayo ilikuwa imekaa kwenye wewe.

Madam Kone hakuweza kutulia. Akatoa simu, akapiga kwao, akaongea haraka na mtu, kisha akamwekea Zena kioo cha simu mbele ya uso. Humo alikuwa bibi kizee, mama yake mgeni, kakaa kibarazani, kigae cha jua begani, akikunja macho kumtazama mwanamke mwenye unga.

"Ini tile," Zena akasema, maana ilikuwa mchana.

Bibi akashtuka. "Nse! Here tilena?" Mchana wa amani?

Neno hilo halikuwa hata kwenye yale mia mbili. Lakini mdomo wa Zena ulijibu kabla yake, kutoka mahali ambapo mzee wa kanzu pana alikuwa akiamkiana na wanunuzi wenzake wa Kimali uani kila mchana. "Here doron." Amani tupu.

Kule kwenye simu bibi alipiga kelele akiwaita watu, na wakaja, mmoja, wawili, wanne, wote wanataka kuamkiwa. Zena akawaamkia wote.

Honi ililia nje. Dereva. Madam Kone alisimama akifungasha begi, na Zena akamfuata mpaka kwenye gari, akiwa bado na swali moja. Akalitoa kwa Kifaransa, kwa vu, akikosea katikati na kurudi: ameitwa kufundisha watoto wa shule. Je, Kifaransa chake ni Kifaransa?

Madam Kone alimtazama kama aliyeulizwa kama maji yana majimaji. Akamwonyesha saa ya mkononi. Saa nzima na robo. "Tumeongea kwa lugha gani?" akauliza. "Kichina?" Akambusu shavu hili, akambusu na hili, unga ukamshika kilembani, gari likaondoka.

Zena hakungoja kufika kibandani. Alisimama hapohapo barabarani, akampokonya Rosemary simu, akabonyeza namba ambayo kwa Jumatatu tatu alikuwa akiisoma tu mpaka ikamkaa kichwani.

"Mwalimu George? Mama Shakila hapa. Jumatatu nakuja."

"Ah, Mungu ashukuriwe! Nilishajua umetukataa."

"Ila ujue nina lugha mbili. Kifaransa na Kijula. Miaka yote zimelala kitanda kimoja, leo ndiyo nimezitenganisha."

"Mama Shakila, kwenye ratiba nimeandika Kifaransa peke yake."

"Basi mwalimu, ongezea. Saa ngapi tunaanza?"